Zana Nambari Kumi na Nne

Jumatatu, 2 Machi 2026

Kitale. Jua kali, vumbi, trekta zinapita mbele ya ofisi tangu asubuhi. Kila mtu anangoja mvua.

Leo nimemaliza zana ya kumi na nne. Zimebaki tisa. Miaka sita nilisahihisha insha za kidato cha pili, sasa nasahihisha mainjinia — na heri wale watoto, angalau walikuwa wanaona haya. Aliyeshika kazi hii kabla yangu aliieleza zana hii kwa maneno mawili: "Hushughulikia rekodi." Basi! Kuzishughulikia vipi? Kuzipika? Kuzizika? Ndiyo maana wiki jana ajenti aliitumia kumtafuta mgonjwa, akakosa, akajaribu tena mara arubaini bila kuchoka.

Ajenti ni ile akili ya kompyuta tuliyoichukua Januari ituandikie na kututengenezea programu ya kliniki. Namwita "yeye", nimeshazoea. Mikono hana. Ana zana ishirini na tatu, na kila zana ina maelezo yake mafupi. Akisoma maelezo anaamini, hana pengine pa kuuliza. Kazi yangu ni hayo maelezo tu: zana inafanya nini, inapokea nini, inatoa nini, itumike lini. Naandika kwa Kiingereza cha ofisi, lakini kwanza najiambia kwa Kiswahili, kama vile namweleza mama kule Matulo. Kama mama hawezi kuelewa, basi mimi mwenyewe sijaelewa.

Ya leo inasema hivi: "Huunganisha rekodi za mgonjwa aliyeandikishwa zaidi ya mara moja. Rekodi zenye jina moja, mwaka mmoja wa kuzaliwa na namba moja ya simu ni za mtu mmoja. Rekodi ya karibuni hubaki, ya zamani hufutwa."

Sentensi tatu. Hakuna "labda". Hakuna "mara nyingi". Kigen, mkubwa wetu, ameisoma kwa sauti ofisi nzima ikisikia. "Mwalimu, hii sasa ndio tunataka. Fupi, haina kona kona." Akaichapisha akaibandika ukutani, juu ya mtungi wa maji, iwe mfano kwa wengine. Nimejifanya sioni. Nimeenda kunywa maji mara saba.

Jumanne, 3 Machi

Jepchumba ndiye anayempa ajenti kazi. Leo amemjaribu kwa wagonjwa wa kubuni mia moja, kwa kutumia maelezo yangu mapya. Hajakosea hata mmoja. Wagonjwa wenyewe Jepchumba amewatunga kwa kicheko — Kiplimo Moja, Kiplimo Mbili, Jerono wa Tatu — kila mtu na simu yake. Jioni nimetembea hadi nyumbani nikijisikia mrefu.

Mama amepiga. Akina mama wa kanisa walienda kwake wakiimba kumpongeza, ati mimi nimekuwa naibu wa mwalimu mkuu. Cheo si changu. Ni cha Nelima mwenzangu, binti ya baba mdogo. Tulizaliwa mwaka mmoja, mwaka aliofariki nyanya yetu, kwa hiyo wote wawili tukapewa jina lake. Phelista ni jina langu la ubatizo, hakuna anayelitumia nyumbani. Darasa la nne nilichapwa viboko vinne kwa daftari alilopoteza yeye. Mama amewapikia wale wageni chai hivyo hivyo, hakutaka kuwaaibisha. Nimecheka mpaka machozi.

Ijumaa, 6 Machi

Siku kubwa. Wenye mradi, wanaotulipa, wamelalamika kwamba kliniki zetu za moyo zina majina mengi kuliko watoto. Kliniki ni kumi na moja, za Trans-Nzoia na Bungoma, na watoto ni wale walioharibika moyo kwa sababu ya maumivu ya koo yasiyotibiwa mapema. Kila mwezi wanachomwa penisilini. Wachache ambao penisilini inawadhuru hupewa vidonge vingine.

Jepchumba akamwambia ajenti aisafishe orodha. Ajenti mwenyewe akachagua zana ya kumi na nne — hakuna aliyemtajia! Dakika kumi na mbili. Jozi mia mbili na kumi na mbili zimeunganishwa. Kwa mkono, watu wawili wangekaa mwezi mzima. Kigen ameagiza chapati na maharagwe, tukala tumesimama, na akanionyesha kwa kidole kule ukutani. "Hiyo ni mkono wa Mwalimu."

Siku zote nilidhani niliacha ualimu kwa kushindwa. Leo sijaona hivyo.

Jumatano, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Barabara yote matope, wenye mashamba wanatembea wanacheka peke yao.

Zana ya kumi na tisa inanisumbua, ina mambo manne ndani yake na inataka kugawanywa. Simu nazo hazikomi. Kliniki ya huku imesahau nywila. Kliniki ya kule skrini imekwama. Sista Agneta, nesi wa kliniki ya Malakisi, naye amenipigia nikiwa katikati ya sentensi, anasema kwenye simu ya kazi sasa anamwona Nasike Makokha mmoja tu. Nimemweleza kwamba tumesafisha orodha, walioandikwa mara mbili sasa wako mara moja. "Haya," akasema, "nyinyi ndio mnajua." Wiki ijayo anaenda likizo, wanamzika mama mkwe wake. Nimekata simu ndipo nikakumbuka sijampa pole.

Zana ya kumi na tisa nimeigawa.

Alhamisi, 19 Machi

Asubuhi nilianza kuandika hapa kuhusu zana ya ishirini na mbili. Nimeyafuta.

Saa tisa mchana Kigen alipigiwa simu kutoka Malakisi. Leo ilikuwa siku ya kliniki. Msichana wa miaka kumi na mmoja amechomwa penisilini, na penisilini ni sumu kwake. Amevimba uso, amekosa pumzi, moyo ukasimama. Wamemrudisha. Wamempeleka Bungoma. Yuko kwenye mashine.

Anaitwa Nasike Makokha.

Kigen anasema nesi aliyeshika zamu ya Sista Agneta ni mgeni, lazima alikosea. Nimesema ndiyo. Kila mtu ofisini amesema ndiyo.

Ijumaa, 20 Machi

Si nesi.

Jepchumba amefungua kumbukumbu ya kazi ya ajenti ya tarehe sita. Kila anachofanya anaandika na sababu yake. Tumesoma pamoja, bega kwa bega, mpaka tukafika Malakisi. Nimenakili neno kwa neno, ili nisije nikajidanganya baadaye:

"Rekodi mbili: Nasike Makokha, 2014, simu moja. Dawa zinatofautiana. Moja inapewa sindano, nyingine vidonge na alama ya hatari. Hii ingeweza kuonyesha watu wawili. Lakini maelezo ya zana yanasema rekodi zenye jina, mwaka na simu moja ni za mtu mmoja. Kwa hiyo dawa ilibadilishwa. Rekodi ya karibuni, yenye sindano, inabaki."

Aliona. Mashine isiyojua Malakisi iko upande gani iliona kwamba hawa wanaweza kuwa watu wawili. Ikasita. Ikasoma sentensi yangu, ikaendelea.

Jepchumba alisogeza kiti chake mbali kidogo na changu, nadhani hakukusudia.

Ni watoto wa ndugu wawili wanaoishi boma moja. Nyanya yao alikufa mwaka 2014, na mabinti wawili waliozaliwa mwaka ule wakapewa jina lake. Jina la pili ni la babu, na simu pia ni ya babu, kwa sababu ndiye anayekaa nyumbani. Ni nani asiyejua mambo haya? Mimi! Mimi ambaye nilichapwa viboko vinne! Tarehe tatu nimecheka na mama kuhusu jambo hilo hilo, nimeliandika humu kwa mkono wangu, na tarehe mbili nilikuwa nimeandika kinyume chake, na sikuona. Sikusahau. Halikunijia kabisa kwamba ni jambo la kuandikwa. Mtu huandika asichokijua mwenzake, na mimi sijawahi kukutana na mtu asiyejua hili.

Ajenti hana nyanya.

Nimesimama niende kunywa maji. Halafu nikakumbuka simu ya Sista Agneta ya tarehe kumi na moja. Nimerudi kukaa na sijamwambia mtu.

Jumamosi, 21 Machi

Wote ofisini. Hakuna chapati.

Zana ile haina kurudi nyuma. Nakala ya akiba hukaa wiki moja, halafu inafunikwa na mpya. Zilizofutwa zimefutwa. Kilichobaki ni madaftari ya karatasi kwenye kliniki, na simu. Tumegawana zile jozi mia mbili na kumi na mbili. "Samahani mama, hapo kwenu kuna Kiplimo mmoja au wawili?" Wawili. "Hapo kwenu Nelima ni wangapi?" Wawili, mmoja ameolewa. Baba mmoja wa mlimani aliniuliza kwa nini ninamwuliza swali la kitoto.

Kufikia jioni tumefikia jozi mia na arubaini. Thelathini na nne ni watu wawili. Tumesimamisha sindano kliniki zote mpaka tumalize, na hilo nalo ni hatari, kwa sababu wanaohitaji sindano wanaihitaji kweli.

Jepchumba ana binamu wawili wanaoitwa kama yeye. Kigen kwao kuna akina Kigen watatu, wanaitana kwa majina ya ng'ombe wa baba zao. Ofisi nzima hakuna asiye na mwenzake wa jina. Tuliisoma ile karatasi kila tulipokwenda kunywa maji.

Karatasi yenyewe leo haipo. Kumebaki vipande vinne vya gundi ya karatasi. Nadhani ni Kigen. Sijauliza.

Saa kumi Kigen ameniita nje, karibu na tangi la maji. Ameandika ripoti ya kupeleka kwa wenye mradi. Ukurasa mmoja. Inasema ajenti ilifanya uamuzi usiotarajiwa, na kwamba maelezo ya zana yalikuwa wazi na kamili. Chini kuna mahali pa sahihi tatu. Ya kwake ipo. Ya Jepchumba ipo.

"Kwani ni uongo?" aliniuliza. "Ilikuwa wazi ama haikuwa wazi?"

Nikasema ilikuwa wazi.

"Si ndio hiyo. Mwalimu, ukijitaja wewe, watatufunga sisi wote na hizi kliniki zitarudi kwa karatasi. Mashine haina mtoto wa kusomesha. Wacha ibebe." Halafu kwa sauti ya chini, na macho mekundu: "Mimi silali, usifikirie nalala."

Sikumchukia. Hiyo ndiyo mbaya. Angekuwa mshenzi ningejua la kufanya. Anataka sahihi kufikia Jumanne. Nimeikunja nikaiweka ndani ya daftari hili, na simu ya Agneta sikumwambia.

Jumapili, 22 Machi

Kanisani sijaenda. Nimekaa mezani kuandika upya zana ya kumi na nne.

"Rekodi zenye jina moja, mwaka mmoja na simu moja zinaweza kuwa za watu wawili. Watoto huitwa majina ya waliofariki. Usiunganishe kama dawa zinatofautiana. Usiunganishe kama mama hawajatajwa. Simu moja huweza kuwa ya boma zima, au ya jirani mwenye umeme wa kuchajia, au ya mwalimu wa zamu. Mwaka wa kuzaliwa huweza kuwa ni wa kukisia. Mtoto aliyelelewa na shangazi huweza kuandikishwa kwa jina la mume wa shangazi. Kama kuna shaka yoyote, acha, uliza mhudumu wa kliniki anayewajua kwa sura..."

Nimefika ukurasa wa pili na bado sijamaliza. Kila nikiweka nukta nakumbuka jambo lingine. Mimi niliyekuwa nakata insha za watoto kwa kalamu nyekundu, "punguza maneno, punguza maneno"!

Mama amepiga kuuliza kwa nini sauti yangu iko hivyo. Nimemwambia mafua. Akaniambia nimeze tangawizi, na kwamba ataniombea mimi na Nelima mwenzangu pamoja, maana jina ni moja, Mungu atajua kugawa. Nimeweka simu kifudifudi nikalia.

Nasike bado hajaamka. Siku ya tatu.

Jumatatu, 23 Machi

Malakisi. Nimekuja mwenyewe, kwa sababu daftari la hapa haliwezi kusomwa kwa simu. Sista Agneta anasema nusu yake ameandika kwa penseli.

Amekatisha likizo. Kichwa amenyolewa kwa msiba, amevaa leso juu yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nikajiandaa hata kwa kofi. Alinipa kiti. Alinipa uji. Akafungua daftari jeusi, kubwa, kingo zimelainika kwa mikono.

Pambizoni ndiko kuliko na watu. Katikati ya mstari yamo mambo yale yale tuliyoyaingiza kwenye kompyuta: jina, mwaka, simu, dawa. Pembeni, kwa mwandiko mdogo, yamo yote yaliyobaki. "Mrefu." "Anakuja na nyanya." "Ana kovu jicho la kushoto." "Mama alihama, sasa yuko kwa shangazi Chwele." Mwaka jana wakati wa kuhamisha data niliambiwa pambizo tusizichukue, hazina mahali. Nilikubali. Wala hiyo sikuikumbuka mpaka leo.

Nasike walikuwa wanafuatana, mstari juu ya mstari. "Nasike wa Derrick — sindano." Chini yake: "Nasike wa Wilkista — VIDONGE TU," limepigiwa mstari mwekundu mara mbili, mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Sista Agneta aliweka kidole hapo. "Nilikupigia," alisema.

"Ndiyo, sista."

Alingoja. Mwishowe akafunua ukurasa, akaanza kunisomea majina na mimi nikawa naandika. Tuliendelea hivyo mpaka saa kumi, yeye akisoma na mimi nikiandika, bila kuinua macho. Malakisi peke yake tumewarudisha watoto kumi na mmoja. Wakati wa kuondoka nikamwambia pole kwa mama mkwe. Akasema asante, akasema pia nesi yule mgeni ameacha kula, watu wanapita nje ya nyumba yake wakimnyooshea kidole, na je, ofisi yetu itasema ukweli ili nesi huyo awe na amani?

Nikasema ripoti inaandikwa.

Jumanne, 24 Machi

Bungoma, hospitali. Saa nne asubuhi. Naandika nikiwa kwenye benchi.

Siku ya tano. Daktari amesema pumzi imerudi yenyewe kidogo, lakini ubongo ulikaa muda bila hewa na hajui ataamka akiwa nani. Amesema hivyo hivyo, "akiwa nani", kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Wilkista, mama yake, ni mwanamke mwembamba, vidole vina weusi wa kuchuma tumbaku usiotoka kwa sabuni. Nilijitambulisha: Phelista, kutoka ofisi ya Kitale, tunaotengeneza kompyuta ya kliniki. Nilidhani atanifukuza. Aliinuka akanishika mikono yote miwili. "Asante kwa kuja, mwalimu. Wengine wote wamepiga simu tu." Hilo la mwalimu alilipata kwa Sista Agneta, nadhani. Amenigawia kiazi chake cha kuchemsha. Nimekila. Ningekikataa vipi?

Amenisimulia bila kuulizwa. Siku ile alimwambia nesi, hii mtoto yangu ni ya vidonge. Nesi akaangalia simu ya kazi, akamwonyesha. Imeandikwa sindano, mama, na hakuna alama ya hatari hapa, dawa imebadilishwa. "Mimi nikasema labda wakubwa wamepata dawa mpya. Nikamshika mkono, nikamwambia tulia mama, ni kidogo tu." Alionyesha mkono alioutumia. Ameurudia huo mkono mara tatu tangu asubuhi, anaugeuza anauangalia.

Mwisho wa benchi amekaa Nasike wa Derrick. Amevaa sare ya shule, amepakata viatu vya mwenzake, jozi ya plastiki ya buluu. Saa tatu mhudumu alitoka na faili mkononi akaita, "Nasike Makokha!" — na msichana akasimama. Kwa mazoea tu. Wilkista naye akasimama. Wakaangaliana. Msichana akakaa polepole, akavipanga vile viatu upya mapajani, na mama akaenda na mhudumu kusaini.

Kigen amepiga mara tatu. Sijapokea. Ametuma ujumbe: anahitaji sahihi kabla ya saa nane, wenye mradi wako njiani, na jozi zote sasa zimekwisha kupigiwa simu. Zilizo za watu wawili ni hamsini na saba. Ripoti iko hapa ndani, imekunjwa mara mbili. Nikisaini ni mashine. Nikikataa ni mimi, na Kigen, na Jepchumba, na kliniki kumi na moja zinarudi kwenye daftari jeusi — na sasa hata sijui kama hilo ni baya. Yule nesi, kwa vyovyote, anaanza kula. Lakini simu ya tarehe kumi na moja haimo kwenye ripoti yoyote. Inajulikana na watu wawili tu, na mmoja wao hatasema, kwa sababu si mtu wa kusema. Imeandikwa humu peke yake. Mistari mitatu, kati ya matope na zana ya kumi na tisa.

Saa tano na nusu. Wilkista amerudi, ameketi karibu nami zaidi kuliko mwanzo.

Ameniuliza, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia: "Mwalimu, hiyo kompyuta hainijui. Haijui Derrick. Ni nani aliiambia hawa watoto ni mmoja?"

Nimesema, nitakuambia, mama. Kisha nikainamisha kichwa nikaandika sentensi hii, na ile iliyo juu yake, ili nipate muda.

Anaitazama kalamu. Anasema tangu asubuhi nimeandika sana, utadhani karani wa korti. Ameuliza kama ni habari za mtoto wake. Nimesema ndiyo.

Anasema macho yake hayaoni maandishi madogo, na miwani iliachwa nyumbani siku ile. Anataka nimsomee. Taratibu, anasema, kutoka mwanzo, nisiruke kitu. Amemwita na Nasike wa Derrick aje asikie. Msichana amesogea na viatu vyake, amekaa upande wangu wa pili.

Ripoti imeanguka sakafuni nilipofunua kurasa. Hakuna aliyeiokota.

Nimerudi nyuma mpaka tarehe mbili. Jua kali, vumbi, trekta. Wote wawili wananiangalia mdomo.